Siku Arubaini za Kimya cha Mwalimu Mjaka

Mume wangu alininyamazia siku arubaini, na aliyelaumiwa ni mie. Niliulizwa dukani nimemkosea nini. Niliulizwa bombani. Shangazi yangu alitoka Makangale, kapanda gari mbili, kuja kuniusia kwamba mwanamme hunyamaza akichoka na mke, kwa hiyo nijirekebishe. Nikampa chai, nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia ahsante shangazi. Ningemwambia nini? Nilikuwa nimeapishwa nisiseme.

Jina lake Mjaka Bakari, lakini hapa kwetu, mwendo mfupi kutoka Micheweni, hata mtoto aliyezaliwa juzi anamwita Mwalimu Mjaka. Anasomesha Kiswahili, skuli ile ile, mwaka wa thelathini na tatu huu. Nusu ya kijiji kawasomesha yeye. Na mie nauza mihogo ya kukaanga na bajia penye lango la skuli, miaka kumi na sita sasa, kwa hiyo nayajua ya darasani kwake kuliko mkaguzi yeyote. Sikuwa na haja ya kuingia ndani. Sauti yake ilinifuata langoni.

Maana Mwalimu Mjaka ana sauti, yakhe. Akianza methali darasani, wanawake walioko pwani kwenye mwani wanaimalizia. Ndiye msomaji wetu wa maulidi, na harusini ndiye anayeitwa kutangaza. Nyumbani nako hajui kunong'ona. Akitafuta kofia yake, mtaa wa pili wanajua imepotea.

Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka juzi ilianza kukwaruza. Tukenda Unguja, madaktari wakaona kijinyama kimeota kwenye nyuzi za sauti, wakakitoa, wakakipima, wakasema hakina neno. Sharti moja tu, asiseme mpaka koo lipone. Siku ya tano akaona wanafunzi wanaruka ukuta wa skuli, akawapigia ukelele. Basi, kazi yote ya daktari ikenda na ukelele ule. Mwaka huu kijinyama kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza, wakakitoa tena kule kule Unguja.

Safari hii daktari alikuwa mkali. Kamwambia, mbele yangu: siku arubaini, neno hata moja, hata kwa kunong'ona. Siku ya arubaini na moja utajaribu polepole. Ukivunja sharti, mzee, mie sina tena cha kukufanyia, utaishi bila sauti. Mwalimu akatikisa kichwa kuwa kakubali. Mie nikacheka, nikasema huyu atakaa arubaini kama mzazi, nimpikie na uji wa pilipili manga. Nilicheka kwa sababu nilikuwa naogopa.

Sasa utauliza, kama mtu anaumwa, kwa nini watu wasiambiwe? Hapo ndipo anapoingia mbuzi.

Mzee Zubeir ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi ya skuli, mtu mzima, mwenye heshima zake, na ana mbuzi wasiokuwa na heshima hata kidogo. Mwezi wa tano mbuzi wake mmoja kapitisha kichwa dirishani kwenye ofisi ya walimu, kala karatasi za mtihani za darasa zima, zimeshasahihishwa. Mwalimu Mjaka kamfuata Mzee Zubeir barabarani na mabaki mkononi. Walisemezana pale mbele ya watu, na sauti ya nani ilishinda mnajua wenyewe. Mwisho Mzee Zubeir, kwa hasira, kamwambia: "Sauti hiyo, Mwalimu, ipo siku Mungu ataipumzisha." Ijumaa yake wakapeana mikono msikitini, yakaisha. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na watu hamsini wamelisikia.

Mwezi mmoja baadaye sauti ikaanza kukatika. Siku tuliyotoka hospitali, Mwalimu kachukua karatasi kaniandikia: "Tukisema koo langu limekauka, watamtaja nani?" Sikuhitaji kufikiri. Hapa kwetu mtu akiugua baada ya ugomvi, hawasemi kaugua, wanasema kafanywa, karogwa. Wangemmaliza mzee wa watu kwa vinywa vyao. Kaandika tena: "Usimwambie mtu. Niapie." Nikamwapia. Mficha maradhi kifo humuumbua, nnajua, lakini yeye hakuwa akificha kwa ajili yake.

Aliyeambiwa ni mwalimu mkuu peke yake, Bi Samiha, kwa sababu hakukuwa na njia nyengine. Alikuja nyumbani jioni, kakaa mkekani, kasema bila kuzunguka. "Mwalimu, una Kidato cha Pili, na mtihani wa taifa uko mbele. Ofisi ya elimu wameniambia darasa la mtihani halikai bila mwalimu. Wakimleta mwengine, wewe utahamishiwa kwao, kwenye mafaili, mpaka ustaafu. Nimewaomba muda hadi kamati ya wazazi itakapokaa. Kamati ikiridhika, utabaki na darasa lako. Isiporidhika, sina la kufanya." Mwalimu Mjaka alikuwa amebakisha miaka miwili kustaafu. Akaangalia mikono yake tu. Mie mume wangu namjua, mtieni kwenye mafaili mwezi mmoja mtamzika wa pili.

Nikahesabu. Kikao kilikuwa kinaangukia siku ya thelathini na moja. Hata sauti ikirudi, ingerudi kikao kimeshapita.

Aliyetuokoa mwanzo ni Mwalimu Ummkulthum, wa Jiografia. Bi Samiha alimwambia tu kwamba koo la mwenzake linahitaji kupumzika, asiulize zaidi, naye hakuuliza. Alikuja akasema: "Kile kishikwambi tulichopewa walimu kiko wapi?" Kilikuwa kabatini, ndani ya nailoni yake, chini ya sahani zangu za futari. Mwalimu alipopewa alisema chaki haiishi chaji, akakitia pale, na pale kilibaki. Tukakitoa, tukakichaji. Mwalimu Ummkulthum kamwonesha vitu ambavyo mie sikujua kama vipo, na vyote bure, mtandaoni, hulipi hata senti. Kimoja unaandika maneno, kinayasoma kwa sauti. Chengine unatunga maswali, darasa zima linajibu kwa mara moja na wewe unaona nani kapata nani kakosa.

Mwalimu kanuna. Kaandika: "Mimi nisomeshewe Kiswahili na mashine?" Mwalimu Ummkulthum kamjibu kwa adabu: "Mashine haijui Kiswahili, Mwalimu. Itasema utakachoandika." Hilo kalikubali. Akaanza kuandika kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kizito kama cha mtu anayebonyeza embe kujua limeiva.

Mtandao wa skuli unashika mahali pamoja tu, chini ya dirisha la mwalimu mkuu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kengele, mume wangu akawa anachuchumaa pale ukutani na kishikwambi chake, anateremsha sauti za somo la siku hiyo. Mzee wa miaka hamsini na nane. Waliopita walimuona, wakasema yao.

Siku ya kwanza mie niko langoni, mafuta yamechemka, mihogo imo. Nasikiliza, maana nilizoea kusikia. Mara nikasikia, kutoka darasani kwa mume wangu, sauti ya mwanamke. Tena ya kibara, laini, haina haraka. "Kidato cha Pili, kaeni. Leo tutasoma methali." Nikaiacha mihogo ikaungua. Nikenda mpaka dirishani. Mwalimu kasimama kama kawaida yake, chaki mkononi, mdomo umefungwa, na spika ya skuli, ile ya siku ya zawadi, iko mezani inamsemea. Watoto walikuwa wameinamia madawati kwa kicheko. Mwanamke yule alikuwa anasema "haraka haraka haina baraka" kama anasoma bei ya vitunguu.

Mwalimu hakukasirika. Aliwangoja. Kisha kabonyeza, na yule mwanamke akasema: "Mkishamaliza kucheka, fungueni ukurasa wa thelathini na nne. Na wewe wa nyuma, nakuona." Alikuwa ameshaandika tangu nyumbani, anawajua wanafunzi wake. Wakafungua vitabu. Lakini jina walikuwa wameshalitoa, waliita sauti ile Mke Mdogo. Mchana nikaulizwa na mnunuzi wa bajia kama ni kweli Mwalimu kaoa. Nikamuuzia bajia za jana.

Halafu yale maswali. Wanafunzi hawaruhusiwi simu skuli, kwa hiyo Mwalimu Ummkulthum kapiga chapa karatasi hamsini na mbili, kila mtoto na yake, zina alama nyeusi za mraba, hakuna mbili zinazofanana. Karatasi ina pande nne. Ukiona jibu ni la kwanza unaiinua upande huu, la pili upande ule. Mwalimu anapitisha kishikwambi mbele ya darasa, kinazisoma zote, na majina yanatokea, huyu kapata, huyu kakosa. Na uzuri wake, mwenzako hajui wewe umejibu nini. Hakuna wa kukucheka.

Wiki ya pili, jioni, Mwalimu kaniletea karatasi. Kaandika: "Masika anajua. Maswali kumi na manane, kakosa moja. Miaka miwili hajanyanyua mkono." Masika ni mtoto wa dada mmoja wa mwani, mpole, anakuja kununua muhogo anaomba kwa macho. Chini yake kaandika tena: "Miaka miwili nilikuwa nikipiga kelele juu yake." Nikaisoma mara mbili. Nilitaka kumwambia si kosa lake, lakini nikaona nimwachie tu. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Basi darasani mambo yakenda. Njiani ndiko yalikoharibika.

Salamu zetu mnazijua wenyewe. Hupiti mbele ya mtu hivi hivi. Unatoa salamu, unaulizwa kwema, unaulizia watoto, mwani, mguu wa mama yake, kuku akiwa mgonjwa unamuulizia na kuku. Na salamu ya dini ukitolewa, kuitika ni wajibu, si hiari. Na Mwalimu Mjaka ndiye aliyekuwa bingwa wa salamu, akisalimiana na mtu mmoja mtaa mzima unapata habari. Leo anapita, anasalimiwa, ananyanyua mkono, anagusa koo, anaendelea. Wakasema koo gani hilo, mafua ya mwezi mzima? Wakasema kishikwambi kimempa kiburi. Wakasema kanuniana na mkewe, ndipo shangazi akapanda gari mbili.

Na Mzee Zubeir alikuwa anampa salamu kuliko wote. Kwa sababu ya mambo ya mbuzi, alitaka kuonesha kwamba yamekwisha. Kila akimuona, "Assalamu alaykum, Mwalimu," kwa sauti, watu wasikie. Anapungiwa mkono tu.

Siku moja kaja mpaka langoni kwangu. "Bi Mwatima, kwema?"

"Kwema, mzee wangu."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mwalimu mzima?"

"Mzima wa afya, alhamdulillahi."

Hapo ndipo nilipokosea mie, na ni kosa letu sote, ndio malezi yetu. Hata kama ndani mna maiti, ukiulizwa kwema unajibu kwema. Kisha ndio unatia "ila." Kwema, ila mzee hakulala. Kwema, ila mtoto tumemzika jana. Ile "ila" ndiyo habari, na kila mtu anaingoja. Mzee Zubeir aliingoja. Alisimama pale, mkongojo wake mkononi, akaniangalia kiasi cha mtu kumaliza muhogo. Sikuitia. Nilikuwa nimeapa. Akasema "haya, alhamdulillahi," akaondoka bila kununua kitu.

Kwa hiyo kwake ikawa wazi. Mtu ni mzima, mkewe kasema. Mzima asiyeitika salamu yako ana kisasi na wewe. Siku ile ile nikasikia kwamba mwenyekiti ana neno la kusema kwenye kikao.

Sikulala vizuri wiki ile. Nikimwambia Mwalimu, atatoka kwenda kumwelezea mzee kwa mdomo wake, namjua. Nisipomwambia, kamati itamwondoa. Nikanyamaza nami. Nyumba ikawa ya mabubu wawili.

Kikao kilikuwa Jumamosi, saa nne, ndani ya darasa lile lile. Mie sikualikwa, mie nilileta chai na bajia. Wazazi walijaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, magoti juu kwenye madawati ya watoto. Bi Samiha kasimama na karatasi. Kasema jaribio la kabla ya Mwalimu kuanza utaratibu mpya, waliofaulu walikuwa kumi na tisa. Jaribio la wiki hii, thelathini na sita. Karatasi ikapitishwa. Mama yake Masika kaishika muda mrefu, na nadhani hakuwa anasoma ila jina moja.

Nikasema moyoni, alhamdulillahi, tumevuka. Mzee Zubeir akasimama.

"Alama nimeziona," kasema, "na mie sina ugomvi na mashine. Wajukuu zangu wawili wamo humu, wanakuja nyumbani wanasimulia, wamefurahi. Lakini mtoto hasomi kitabu tu, anamsoma na mwalimu wake. Nimemtolea salamu Mwalimu Mjaka siku kumi na nne. Njiani, dukani, mlangoni mwa msikiti. Hakuitika hata moja. Ananipungia mkono kama anafukuza inzi. Nikasema labda mgonjwa. Nikenda kuuliza kwake, nikajibiwa mzima wa afya. Wazee walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mie nauliza kamati, mtu mwenye kisasi asiyeitika hata salamu ya Mungu, tumwachie watoto?"

Nikasikia watu wanaguna upande wa wanaume, wanaguna na upande wetu. Bi Samiha aliniangalia mie. Yeye alijua ugonjwa na kaombwa asiutaje, lakini sababu ya siri hakuambiwa.

Mwalimu Mjaka akainuka. Miaka thelathini na moja nimelala na mtu huyu, najua anavyovuta pumzi kabla ya kuanza maulidi, mabega yanapanda kwanza. Yakapanda. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nikaona kabisa kwamba anakwenda kusema, na neno atakalosema ni "wa alaykumu salaam," na litakuwa la mwisho maishani mwake.

"Mwalimu," nikasema, "kaa chini."

Sijawahi kumwambia hivyo mbele za watu, na sitarudia. Akageuka, mdomo wazi. Nikaweka sinia juu ya dawati la mtu, chai ikamwagika.

"Kaa. Leo nasema mie. Kiapo changu Mungu atanisamehe, nitafunga siku tatu." Akakaa. Nikamgeukia Mzee Zubeir. "Mzee wangu, uliniuliza Mwalimu mzima, nikakujibu mzima. Nilikujibu nusu. Mzima, ila kapasuliwa koo Unguja. Ila kaambiwa siku arubaini asitoe hata neno, akitoa sauti haitarudi. Leo ni ya thelathini na moja. Hii ndiyo 'ila' yako, samahani nimekucheleweshea."

Mzee Zubeir kasema polepole: "Maradhi ya mtu si aibu. Kwa nini mnifiche mie?"

"Kwa sababu ya watu hawa," nikasema, na mkono wangu ukawazunguka wote, na mie mwenyewe nikajitia. "Mwezi wa tano ulimwambia sauti yake Mungu ataipumzisha. Walikusikia. Mwezi wa sita ikapumzika. Sasa mwambie kila mmoja hapa akuangalie usoni aseme, angesikia hivyo, angesema nini juu yako."

Hakuna aliyemwangalia. Mmoja akawa anachezea tasbihi, mwengine anasoma majina yaliyochorwa kwenye dawati. Kila mmoja alijua angesema nini, na angemwambia nani kwanza. Mwalimu alikuwa ameinama. Kumwambia mtu hadharani kwamba unamkinga na ubaya si jambo zuri, na mie nililijua, lakini lilikuwa limeshatoka.

Mzee Zubeir akakaa, akaushika mkongojo kwa mikono miwili. Kisha akasema, kama anajisemea mwenyewe: "Mie mbuzi wangu mwenyewe ananishinda. Nitamweza Mwalimu Mjaka?"

Aliyeanza kucheka ni mama yake Masika, na akaficha mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Kisha wote. Walicheka zaidi ya mzaha wenyewe ulivyokuwa, walicheka kwa kupata pa kutokea.

Ndani ya kicheko hicho Mwalimu kakivuta kishikwambi na spika. Kabonyeza. Yule mwanamke wa kibara akaanza, laini, hana haraka.

"Wa alaykumu salaam, Mzee Zubeir. Hii ya Jumatatu, mlangoni mwa msikiti. Kwema, nashukuru. Wa alaykumu salaam, Mzee Zubeir. Hii ya Jumanne, dukani. Mguu wako unaendeleaje? Wa alaykumu salaam, Mzee Zubeir. Hii ya Jumatano, njia ya pwani. Mbuzi hawajambo?"

Kumbe kila jioni, mie nikidhani anatunga somo, alikuwa anaandika na salamu alizoshindwa kuitika siku ile. Zilikuwa zote kumi na nne, na za watu wengine nyuma yake, kila mtu na siku yake. Mwanamke yule akazisoma moja moja kwa lafudhi yake, na watu wakawa wananyoosha shingo wasikie kama jina lao limo. Mzee Zubeir alisikiliza zake mpaka ya mwisho. Macho yalikuwa yamemlowa, na hakuyafuta.

"Basi," kasema. "Huyu bibi kaniitikia vizuri, Mungu amlipe. Lakini mie nataka na za mwenyewe, siku ya arubaini na moja. Bi Samiha, andika kamati haina neno. Mwalimu abaki na watoto."

Bi Samiha kaandika. Nilimuona anaandika, kalamu inakwenda. Nikakaa kwenye dawati la mbele, dawati la Masika, nikanywa chai ya wageni mwenyewe. Mwalimu kanitazama kutoka kule aliko. Hakugusa karatasi wala kishikwambi, na nilimuelewa. Siku ile bajia zote nikazigawa bure, na jioni nililala mapema, usingizi wa mtoto.

Siku tisa zilizobaki watu walikuwa wanamsalimia kwa mkono. Mtu anamuona mbali, ananyanyua mkono, anagusa koo lake mwenyewe, anapita. Watoto wadogo wakageuza mchezo, kijiji kizima kinagusa makoo. Shangazi wa Makangale kapiga simu kuomba radhi, kazungumza nusu saa bila kuiomba.

Lakini hofu moja ilibaki, na hiyo sikumwambia mtu. Siku ya arubaini na moja anafungua mdomo, je, kama hamna kitu? Daktari alisema inatarajiwa irudi. Kutarajiwa si kurudi. Na yeye alikuwa anaogopa vile vile, maana usiku wa kuamkia alikunja kanzu yake mara tatu, na Mwalimu Mjaka hakunji nguo.

Alfajiri ile kaswali, kakaa barazani. Nikamletea chai, kama kila siku. Na kama kila siku, asubuhi zote arubaini bila jibu, nikamwambia: "Umeamkaje, Baba Ruweida?"

Akaweka kikombe chini. Mabega hayakupanda, safari hii alijua asiilazimishe. Akafungua mdomo polepole, na kwanza ukatoka upepo tu, na mie nikashika nguzo. Kisha ikaja. Nzito, ya chini, ina mchanga ndani yake, lakini ni yake.

"Nimeamka salama, Mwatima," kasema. Akapumzika, akanywa funda moja. "Ila chai yako, siku arubaini hizi, tangawizi imezidi."

Nikalia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia kwema. Kisha nikamwambia Mwalimu ainywe hivyo hivyo, ainuke, kwa sababu Mzee Zubeir alikuwa ameshafika penye uzio wetu, na mbuzi wake, anangoja zamu yake.